Zabuni ya Kupokea Gharama za Mama Rwamba

UMMA UNATANGAZIWA ya kwamba Bodi ya Ustawi wa Nyanda Kavu, Embu, imeshindwa kesi kwa mafanikio makubwa, na inawashukuru wote waliohusika.

Tangazo hilo liliandikwa na Bwana Antony Kinyua, Afisa wa Marejesho, akalibandika mwenyewe kwa uji wa unga, kisha akarudi nyuma hatua tatu kulitazama. Alilipenda. Kwa miaka minne alikuwa Afisa wa Marejesho, na Bodi haikuwahi kumrejeshea mtu hata kizibo cha soda. Watu wabaya walikuwa wameanza kusema kwamba hana kazi. Sasa, mwaka huu wa 1996, kazi ilikuwa imemfuata mpaka mezani.

Kesi yenyewe Embu nzima iliijua, kuanzia stendi hadi mtaa wa Dallas alikopanga Kinyua. Bodi ilitaka magunia mia mbili ya ndengu kwa chuo chake. Tangazo la zabuni lilitoka Ijumaa, likisema mwisho wa kuleta fomu ni Alhamisi iliyopita. Wauzaji wakalalamika, eti haiwezekani. Walisahau kwamba mtu mmoja aliweza. Mutuma wa Kangeta, mfanyabiashara wa miraa na shemeji yake Mkurugenzi wa Bodi, alileta fomu yake Jumatano, kabla tangazo halijapigwa taipu. Bidii kama hiyo, Kinyua alikuwa akisema, ndiyo inayojenga nchi. Kwamba Mutuma hajawahi kuuza ndengu hata kikombe kimoja, na kwamba bei yake ilikuwa mara mbili ya bei ya soko, hayo yalikuwa mambo ya ndengu. Hayakuwa mambo ya zabuni.

Caroline Rwamba hakutaka kuelewa. Huyu alikuwa mama wa nafaka pale sokoni, mwenye sauti ya kumwita mteja aliye ng'ambo ya barabara na mteja akaja. Alikwenda Meru, akapanda ngazi kwa wakili mmoja wa Majengo, juu ya bucha, akaishtaki Bodi. Jaji alisoma zile tarehe mara mbili, akafuta miwani, akafuta na zabuni. Akaamuru Bodi imlipe mama gharama zake za kesi: shilingi elfu arobaini na sita na mia tatu.

Pesa hizo hazikuwa zake. Alikuwa amezikopa kwa kikundi cha akina mama ishirini na watatu waliokuwa wakichangiana mabati, nyumba baada ya nyumba. Nusu walikuwa wameshaezeka. Nusu bado walilala na sufuria chini ya paa linalovuja, na mvua ya Oktoba ilikuwa inakuja.

"Nimekuja kuchukua," Rwamba alisema, akikaa ofisini kwa Kinyua bila kukaribishwa.

"Kuchukua nini, mama?"

"Wewe Kinyua, usinichezee. Gharama zangu. Jaji amesema."

"Jaji amesema ulipwe. Hakusema ulipwe kwa utaratibu gani. Hapo ndipo ofisi hii inapoingia." Kinyua alijiweka sawa kitini. "Kupokea pesa za Bodi ni huduma. Na huduma yoyote kwa Bodi hutolewa kwa zabuni. Tutatangaza zabuni ya kupokea gharama zako. Atakayekubali kupokea kidogo kuliko wote, ndiye mshindi."

Rwamba alimwangalia kama mtu anayeangalia gunia lililotobolewa na panya.

"Yaani nishindane na watu, nani ale pesa zangu?"

"Ni ushindani huru, mama. Na wewe una uzoefu."

"Uzoefu wa nini?"

"Wa kudai. Fomu ni shilingi mia tano."

Mama alinunua fomu, akajaza elfu arobaini na sita na mia tatu, vile vile mahakama ilivyosema. Kinyua alimsikitikia. Tamaa hiyo! Mutuma aliomba apokee elfu ishirini tu. Kamati iliketi, ikanywa chai, ikamaliza mandazi, ikampa Mutuma, naye akapokea siku hiyo hiyo. Kinyua akaandika ripoti kwamba Bodi imeokoa shilingi elfu ishirini na sita na mia tatu za umma. Mkurugenzi, Bwana Elphas Gitari, alimpiga bega. "Kijana, wewe una kichwa," akasema. Kinyua alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Rwamba alipopewa habari hakupiga kelele. Kinyua alivunjika moyo kidogo, maana alikuwa ameshaandaa fomu ya malalamiko. Mama aliweka tu kadi mezani. Harambee ya mabati, Jumamosi ijayo, mgeni wa heshima Bwana Elphas Gitari; na chini kabisa, kwa herufi ndogo, orodha ya vitu vya mnada.

Gitari alikuwa anakinyemelea kiti cha Bunge mwaka ujao. Hakuwahi kuikataa harambee, wala hakuwahi kuisoma kadi mpaka mwisho.

Jumamosi uwanja wa shule ulifurika. Kulikuwa na hema, mukimo wa viazi na mahindi, kwaya mbili zilizochukiana, na D.O. mwenyewe, afisa wa tarafa, amevaa kofia yake. Njura, mwenye bucha moja pale sokoni Embu, alishika kipaza sauti. Gitari akatoa bahasha, elfu tatu, "mimi pamoja na marafiki zangu," akapigiwa vigelegele akatabasamu. Kinyua alikuwa nyuma yake, amembebea koti.

Kisha ukaja mnada, kama kwenye kila harambee, ambapo mgeni wa heshima hawezi kukubali kushindwa bei na mwenye kioski. Jogoo alikwenda kwa mia nane. Mkungu wa ndizi, elfu moja. Ndipo Rwamba akaleta kitu cha mwisho kwenye orodha ya kadi: karatasi zilizofungwa kwa kamba.

"Hii ni hukumu ya mahakama!" Njura alinguruma. "Kurasa kumi na moja! Atakayeinunua ataenda kuisoma kwake, polepole. Ikikosa mnunuzi, mimi nitaisoma hapa kwa spika, kwa Kiembu, jina baada ya jina. Naanza na elfu moja!"

Gitari alimgeukia Kinyua. "Imesema nini?"

"Imekutaja, mzee. Na shemeji. Ukurasa wa nne, jaji ametumia neno 'aibu' mara mbili."

"Elfu tano!" Gitari akasema.

"Na shilingi kumi," akajibu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Elfu ishirini!"

"Na kumi!"

"Si asome tu!" mtu akapaza sauti huko nyuma. "Sisi tuko na wakati!" Uwanja ukaangua kicheko, na kila aliyecheka alikuwa na kura.

Gitari alisimama. "Elfu arobaini!"

"Elfu arobaini na sita, mia mbili na tisini," Rwamba akasema taratibu, kama anayepima ndengu.

"Na kumi!" akapiga kelele Gitari.

Akina mama ishirini na watatu walifunga midomo kwa pamoja. Njura akagonga meza: elfu arobaini na sita na mia tatu. Gitari akaandika hundi yake mwenyewe, D.O. akimwangalia mkono, kwa hivyo haikuwa hundi ya kurudi.

Jumatatu asubuhi Gitari aliingia kwa Kinyua akafunga mlango.

"Andika vocha. Zile zilikuwa gharama za kesi ya Bodi, na mimi ndiye nimezilipa. Nirejeshewe."

Kinyua alifurahi kwa dhati. Mteja wa pili mwaka mmoja! Akatoa fomu. "Mia tano, mzee."

"Za nini?"

"Za fomu. Kupokea pesa za Bodi ni huduma, na huduma..."

"Kinyua! Mimi ni Mkurugenzi wako!"

"Ndiyo, mzee. Utaratibu una sahihi yako."

Gitari alihema. Akainama, akashusha sauti. "Sawa. Tangaza leo, funga leo. Hakuna mwingine atakayejua."

Kinyua alikohoa. Akafungua droo, akatoa bahasha iliyokuwa bado inanukia miraa.

"Shemeji yako alileta yake Alhamisi iliyopita, mzee. Anaomba apokee elfu tatu tu." Akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Alisema yeye kadi huisoma mpaka mwisho."