Malalamiko Juu ya Kifua Kikuu Kilichohamia Kwenye Ini

Bunia, Machi 2003

Kwako Mama Daktari Bénédicte, wa chumba cha ekografi,

Kwa heshima zote, mimi Willy, fundi baiskeli wa kijiji cha Shari, naleta malalamiko. Sina ugomvi na wewe. Jamaa zangu walisema ini langu limeharibiwa na pombe ya ndizi, na mke wangu Viviane akaacha kunisemesha. Wewe ulinipaka mafuta ya baridi tumboni, ukapitisha kile kifaa chako, ukaona madoa mawili kwenye ini. Ukachoma sindano huku ukiyafuata kwenye kioo cha mashine, na maabara ikasema ni kifua kikuu. Asante kwa kunisafishia jina. Lakini haya siwezi kuyanyamazia.

Kwanza. Kifua kikuu kukaa kwenye ini ni utovu wa nidhamu. Jirani yangu Domitille anacho kifuani, mahali pake. Akifika kwenye bariyeri ya wapiganaji, ile kamba waliyofunga barabarani, anakohoa tu, nao wanampisha wameziba pua. Mimi sikohoi. Kila wiki lazima nivuke hapo kufuata vidonge, na ulinionya kwamba nikivikatiza nitakufa. Naomba basi ukisogeze juu kidogo. Kutoka ini hadi pafu si mbali.

Pili. Ulinipa picha iwe ushahidi wangu pale bariyeri. Mama Daktari, nani alikutuma uchore mishale kwenye yale madoa? Ukaweka na vipimo pembeni. Kamanda wao aliigeuza huku na huku, akaniambia: «Hii ni karte, ramani ya vita. Hapa iko kampi mbili za adui, na weye iko mupelelezi.» Nikamwambia ni ini. Akauliza kama ini hilo liko upande wa mji wa Komanda au wa Mambasa.

Tatu. Nilivua shati nimwonyeshe lilipo. Akaona nampotezea muda makusudi, nikafungiwa kwenye kibanda cha kuku mpaka siku ya vidonge ikapita. Niliogopa kweli, Mama. Niliogopa kufa kwa ugonjwa wenye dawa, na dawa yenyewe iko ng'ambo ya kamba. Waliponiachia, picha ilibaki kwao.

Nne. Kwa hiyo hospitali iache kabisa kupiga picha za ndani ya watu. Zamani daktari alibonyeza tumbo, mgonjwa akalia, kazi ikaisha. Tumbo halina mishale.

Nisalimie wauguzi wote, na yule mzee wa jenereta, maana bila yeye mashine yako ni kabati tu. Viviane anakusalimu. Siku hizi ananisemesha, hata kupita kiasi.

Wako katika ugonjwa na heshima,
Willy

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Viviane amerudi kutoka sokoni na habari. Kamanda amechukua picha yangu na watu wake wote, wameingia porini kutafuta zile kampi mbili. Bariyeri haina mtu. Domitille amepita bila kukohoa, na barua hii nakuletea mwenyewe, nichukue na vidonge. Futa basi malalamiko yote, nabaki na ombi moja. Ulisema nikimeza dawa vizuri, madoa yatapungua. Wakija kudai picha mpya, tafadhali wape nakala ya ileile ya zamani, na mishale yake. Wakisikia nimepona watadhani adui ameondoka, na watarudi bariyeri.