Bushi za Reki na Macho ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiponza mwenyewe, tena mezani, watu wakila.

Jana tulikuwa kwa Baba mkwe. Mzee akalalamika kwamba gari lake limelegea usukani. Unakata kona, magurudumu yanatafakari kwanza. Fundi amemwambia bushi za reki zimekwisha, yaani zile raba mbili zinazokibana chuma cha usukani kisichezecheze. Mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wake mke wangu, akasema atamtafutia Baba gereji nzuri. Huyu ni mhandisi wa pampu za maji, na tunamwita Mhandisi kwa sababu hapendi kuitwa kitu kingine. Kabla hajameza tonge lake, nikasema hakuna haja, nitazibadilisha mimi.

Mke wangu akanikanyaga mguu. Mimi nauza miwani. Kitu kikubwa nilichowahi kufungua kwa bisibisi ni fremu.

Na si gari la kuchezea. Ni la spoti, viti viwili, jekundu, limenizidi umri kwa miaka mitatu. Ndani yake Baba alimkimbiza marehemu Mama mkwe hospitali siku aliyozaliwa mke wangu. Tangu alinunue, hakuna mwingine aliyewahi kuliendesha.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata bushi. Muuza spea aliuliza nataka za upande gani. Nikasema zote. Akanitazama kwa huruma, akasema kumbe.

Nimetazama video ya kazi hii mara nne. Fundi wa kwenye video anatabasamu mwanzo mpaka mwisho. Inaonekana ni kazi ya saa moja.

Jumatano, 5 Machi

Kazini nilisema jino linauma. Sasa linauma kweli, kwa jinsi nilivyosaga meno chini ya lile gari.

Bushi za zamani zilikuwa kama ubani uliotafunwa. Mpya zikagoma kuingia. Nikazipaka maji ya sabuni, zikagoma zikiwa safi. Ili nipate nafasi, nikalegeza kiungo kinachofunga mti wa usukani na reki, nikakichomoa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yule wa kwenye video alisema kwanza tia alama ya chaki, ukirudishia meno ya kiungo yakutane palepale. Sikuwa nimetia. Nikarudishia kwa kukadiria. Nilijiambia macho ndiyo kazi yangu.

Muda wote huo Baba alikuwa ameinama pembeni, ananipa spana, ananiletea maji ya kunywa kwa mkono wake. Nilimsikia akimwambia jirani kupitia ua kwamba huyu mkwe wake hajui kukataa.

Baba akalizungusha uani, mimi pembeni yake. Ulegevu umekwisha. Nilitaka kucheza. Kisha nikaona kwamba gari likienda moja kwa moja, usukani unaangalia kushoto kidogo, kama mtu aliyenuna.

Baba akasimamisha gari, akaushika usukani, akautazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu, naona kama usukani umekaa upande.”

Wakati huohuo nikasikia gari la Mhandisi linasimama getini. Amekuja kukagua. Ningesema ukweli dakika tano kabla. Dakika ile sikuweza.

“Mimi nauona umenyooka kabisa, Baba.”

Akafumba macho, akafumbua, akautazama tena. Akasema basi, ni macho yake.

Mhandisi akaingia, akatikisa magurudumu kwa mikono, akanipongeza. Nimekula chakula cha jioni bila kuonja kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Baba amekwangua nguzo ya geti.

Lazima ingetokea. Kwa miaka arobaini mikono yake imezoea kuunyoosha usukani mpaka ukae sawa. Leo akiunyoosha, magurudumu yanakwenda kulia. Mkwaruzo umeanzia taa ya mbele mpaka mlangoni.

Amenipigia simu kuniomba radhi. Yeye, mimi. Amesema, “Umenitengenezea vizuri, mimi nikaharibu.” Akanisihi nisimwambie Mhandisi. Nikaahidi upesi sana. Nilipokata simu nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, kiatu kimoja mguuni, mpaka mke wangu akaja kuuliza kama naumwa.

Ijumaa, 7 Machi

Amekuja dukani. Amevaa koti lake la harusini, amenyoa ndevu. Anataka miwani mpya kwa sababu haoni tena kilichonyooka na kilichopinda. Alisema hivyo mbele yangu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi.

Bosi wangu, mama mpima macho, akampima mwenyewe. Mimi nikashika kibao cha herufi. Baba akasoma mpaka mstari wa mwisho, ambao mimi nausema kwa kukariri. Bosi akamwambia macho yake ni mazima, angetamani na ya kwake yawe hivyo.

Nilidhani atafurahi. Akakunja leso yake, akaifungua, akaikunja tena. Tulipotoka nje akaniambia kama si macho, basi ni kichwa. Kaka yake alianza hivihivi, mpaka akasahau majina ya watoto wake. Akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akanitia kiganjani na kunifumba vidole.

“Lichukue wewe. Wewe ndiye uliyelala chini yake.”

Pale ndipo pa kusema. Mdomo niliufungua. Akatokea mteja aliyevunja mkono wa fremu, nami nikamshukuru Mungu kwa ajili yake, nikaingia naye ndani.

Niandike na hili, maana ni kweli: nikiwa nakaza ile fremu, niliwaza sura ya Mhandisi atakaponiona barabarani na gari jekundu. Nikatabasamu. Mteja akadhani namtabasamia yeye.

Nyumbani, mke wangu amesema baba yake hajala tangu mchana na anauliza karatasi za nyumba ziko wapi. Ameniuliza kama kuna lililotokea dukani. Nikasema hakuna. Alinitazama kama anayenipa nafasi ya pili. Sikuichukua.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda asubuhi, kwa miguu. Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya gari lililofunikwa turubai. Nilikuwa nimetayarisha maelezo, yakianza na historia ya bushi kwa ujumla. Akanisikiliza kwa subira. Nikafika kwenye chaki.

“Kwa hiyo usukani umepinda?”

“Umepinda, Baba.”

“Na wewe uliuona.”

“Niliuona.”

Akafunua pembe ya turubai, akautazama mkwaruzo.

“Tangu jana nimekuwa nikiandika majina ya wajukuu kwenye karatasi,” akasema, “nione kama bado nayajua.”

Akanyoosha mkono, nikamrudishia ufunguo. Akasema nimpigie Mhandisi. Nikauliza kama yeye hawezi kumpigia. Akasema hapana, nimpigie mimi, na nimweleze yote, yeye anasikiliza.

Nikaeleza. Mhandisi akaja amevaa ovaroli. Hakucheka. Ningelipa angalau acheke. Akakifungua kile kiungo, akakizungusha meno mawili, akafunga. Dakika ishirini. Akasema bushi zenyewe, kaka, umeziweka vizuri, na kwamba hata yeye mwaka jana alifunga pampu kichwa chini. Wema wake ulinichoma kuliko tusi.

Baba akalitoa gari, likapita katikati ya nguzo za geti bila kugusa popote. Akarudi, akasimama, akafungua mlango wa pili. Hakunitazama, ila nilielewa nipande. Akanizungusha mtaa mzima, upepo unatupiga. Mwishoni akasema:

“Siku nyingine sema hujui. Ni neno dogo.”

Machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi. Nikasema pia nimeelewa, na nilimaanisha.

Mke wangu ananijibu kwa neno mojamoja. Ni haki yake.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamka mtu mpya.

Bosi amesema kile kiti cha kupimia macho hakipandi tena, kinatoa pumzi na kushuka na mteja. Fundi wake angekuja kesho. Amesema hana hakika kama tungoje, akaniuliza nina maoni gani.

Nimemwambia amzuie fundi. Ndani ni springi tu.

Naandika haya nimesimama. Kiti kiko sakafuni, vipande kumi na saba, mafuta yamefika mlangoni. Bosi yuko nje na mteja wa kwanza, anauliza kama kiko tayari. Nimejibu bado kidogo tu.