Filamu Tatu na Vinywa vya Harusini

Jumatatu, 3 Machi
Harusi ya kaka imekwisha, na yote ninayo mimi mfukoni. Filamu tatu za kamera yangu ya zamani! Picha mia moja na nane! Hakuna mwingine mwenye hata moja, kwa sababu nilisimama mlangoni na kapu, nikakusanya simu za watu. Niliwaambia simu zinaua harusi. Wakanisikiliza! Binamu yangu, tunayemwita Chaji kwa kuwa haingii nyumba ya mtu bila kutafuta soketi, aliitoa yake kama mtu anayeng'olewa jino. Nawajua wanaong'olewa jino. Huu ni mwaka wangu wa tisa mapokezi kwenye kliniki ya meno.

Leo nimepeleka filamu studio ya mtaani zikasafishwe. Imefungwa. Si leo. Miaka minne iliyopita. Kinyozi aliyemo sasa ameniuliza kama nataka kupunguza pembeni tu.

Jumatano, 5 Machi
Wifi, yaani bibi harusi, amepiga simu. Hataki albamu, hataki fremu. Anataka picha moja tu, ya bibi yake akicheza. Kikongwe yule alikuwa hajasimama bila kushikwa kwa miaka miwili. Muziki ulipopamba moto akainuka kitini, akazunguka mara mbili, peke yake, huku anacheka. Sasa yuko nyumbani kwake na anakataa katakata kwamba alicheza. Anasema wajukuu wanamdanganya ili ajisikie vizuri.

Nimemwambia wifi asiwe na shaka, filamu ziko kwa fundi. Ziko kwenye droo ya soksi.

Mpango! Kuna maabara za mbali ambazo bado zinasafisha filamu kwa posta. Nimepata anwani tatu. Lakini mimi si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nitazitega kwanza! Kila moja itapata filamu ya majaribio. Jioni nimepiga picha sabini na mbili za ukuta wa jirani. Jirani ametoka kuuliza kama ukuta unaanguka.

Jumamosi, 15 Machi
Maabara ya kwanza imejibu. Picha safi, rangi zinang'aa. Ila si ukuta. Ni mwanamume nisiyemjua, amesimama kando ya jokofu. Picha ishirini na nne. Katika nne za mwisho amelikumbatia. Sina kinyongo na furaha ya mtu, lakini ukuta wangu uko wapi?

Maabara ya pili imeleta barua ya adabu. Waliacha mambo ya picha zamani, siku hizi wanauza magodoro. Wamenirudishia filamu yangu ndani ya kipande cha sponji. Ufungaji wa hali ya juu. Inasikitisha.

Chaji amepita kliniki kuchaji. Akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye kiti cha kung'olea, kama picha zinakuja kwa miguu. Nikamjibu kizuri hakitaki haraka. Akasema ndiyo maana konokono ni mzuri sana. Mgonjwa mwenye ganzi alicheka akajimwagia maji ya kusukutua.

Jumanne, 18 Machi
Ya tatu! Ukuta wangu umerudi! Kila tofali, kila ufa, hadi mjusi ambaye sikumwona. Na barua ya mkono, wino wa buluu, kutoka kwa mzee mwenye maabara. Anasema ukuta nimeupiga kwa uvumilivu mkubwa, ila ananisihi nijaribu na binadamu. Huyu ndiye!

Tatizo moja. Yuko peke yake, na kazi za harusi huchukua wiki sita. Anazotanguliza ni za kitabibu tu. Wiki sita! Wifi anakwenda kwa bibi yake Jumapili ya tarehe thelathini, na ameshaahidi kubeba ushahidi.

Kazi za kitabibu. Nikaitazama karatasi ya barua ya kliniki, yenye nembo ya gego. Gego likanitazama.

Jumatano, 19 Machi
Nimetuma! Kwa rejista, mihuri miwili. Nimeandika kwenye karatasi ya kliniki kwamba hizi ni filamu tatu za kitabibu, za haraka, na tafadhali meno yaonekane vizuri. Hilo la meno nimeliongeza ili kunogesha. Uongo usio na chumvi haushuki kooni. Daktari alikuwa ndani anaziba jino, sikuona haja ya kumsumbua. Nimetoka posta miguu haigusi chini.

Ijumaa, 28 Machi
Kifurushi! Siku tisa tu! Nimekifungua palepale kaunta.

Meno.

Picha mia moja na nane za meno. Mzee amekuza kila picha mpaka kikabaki kinywa. Meno ya kaka na mwanya wake. Meno ya wifi. Meno ya mjomba, yakiwa ndani ya keki. Kinywa cha Chaji mara saba, mara zote kimejaa. Nyuma ya kila picha, wino wa buluu: hili limeoza, huyu apunguze sukari, mwanya mzuri msiuguse.

Na ya mwisho, kubwa kama trei. Fizi. Fizi tupu, juu na chini, zimefunguka kwa kicheko hadi kilimi kinaonekana. Nyuma ameandika: "Mgonjwa huyu hana hata moja, lakini sijaona kinywa chenye afya kuliko hiki."

Nikakaa chini ya kaunta. Daktari akatoka, akaona barua ya mzee ikimshukuru kwa kumwamini. Nikangoja kufukuzwa. Akazipitia picha moja moja. Kisha akaniuliza fundi huyu ni nani, maana hajawahi kuona picha za magego zilizo wazi namna hii, na kama anaweza kubaki na kumi za kupamba ukuta. Halafu akainama hadi nilipokuwa.

"Ukichukua karatasi yangu tena, nakung'oa. Bila ganzi."

Jumapili, 30 Machi
Tulikwenda kwa bibi. Mimi, kaka, wifi, na Chaji aliyejialika. Niliungama mlangoni. Chaji alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kaka aliuliza kama alifunga ndoa au aliota meno. Wifi alizipekua zote. Macho yalimjaa machozi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akaichukua ile ya fizi, akaiweka magotini mwa bibi yake.

Bibi akaitazama. Akaigeuza. Akaitazama tena.

"Mdomo huu naujua," akasema. "Ni wangu. Nilikuwa nacheka nini?"

"Ulikuwa unacheza, bibi," wifi akamwambia.

Bibi akafikiri sana. Mwishowe akasema mtu aliyekaa hawezi kufungua mdomo kiasi hiki, pumzi haimtoshi. Basi alisimama. Basi alicheza! Akaangua kicheko, kilekile, kilimi nje, na wifi akalia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikalia, na Chaji akasema ana mafua.

Bibi ameagiza ibandikwe juu ya kitanda.

Jumanne, 8 Aprili
Picha nzima zimefika. Nilikuwa nimemwandikia mzee kuomba radhi, naye amezichapa upya zote. Bibi yumo, mikono juu, kiti tupu nyuma yake. Mzee anasema alianza kushuku alipofika picha ya hamsini, kwa kuwa wagonjwa wote walivaa maua, lakini agizo la daktari ni agizo. Anasema pia ningeandika ukweli angenitanguliza vilevile. Alishaupenda ule ukuta.

Nimeisoma barua mara tatu. Mtu mwaminifu hatafutiwi hila. Nimeiandika sentensi hii kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye kioo.

Jumatano, 9 Aprili
Siku ya furaha! Daktari ameniomba nipige picha za mahafali ya binti yake. Filamu nne! Anazitaka ndani ya wiki, nikamwambia hilo ni dogo. Karatasi ya kliniki sasa haiwezekani, mzee ameshaijua. Kwa hiyo wakati wa mapumziko nimepita kituo cha zimamoto, nikawaomba karatasi moja tu yenye nembo.

Nani atathubutu kuwachelewesha zimamoto?