Malalamiko Dhidi ya Wimbi Linalofia Njiani

Ndugu Mkurugenzi,

Baada ya heshima zote zinazostahili kiti chako, mimi ni fundi wa tangi la plazma, chumba cha chini, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kazi yangu unaijua. Tunaichoma gesi kwa umeme mpaka ing'ae zambarau, tunaizuia kwa sumaku isiguse kuta, tunatuma wimbi kutoka mwisho mmoja, na vipimaji vitatu vinatuambia limefifia kiasi gani njiani.

Jumatatu wimbi lilifika kipimaji cha kwanza likiwa na afya, cha pili limechoka kidogo, na cha tatu likawa hoi, kama mgonjwa asiyeweza kuinua kijiko. Daktari wetu wa hesabu, ambaye ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, ameandika kwenye ukurasa wa kwanza wa taarifa yake kwamba kipimo cha fundi hakiaminiki. Ukurasa wa pili sikuusoma. Hasira zilinizidi.

Kwa kuwa Ijumaa kamati inakaa kuamua kama nibaki kwenye tangi au nihamishiwe stoo, naomba yafuatayo yasikilizwe:

1. Wimbi liandikiwe barua ya onyo. Mtumishi akitoroka kazini huulizwa. Hili linaacha kazi katikati ya tangi na hakuna anayeliuliza.

2. Sumaku ihojiwe. Jumatatu ilinguruma kwa namna ambayo mimi, niliyeilea, sikuipenda hata kidogo.

3. Kanuni ya ufifiaji ibadilishwe. Hesabu inadai wimbi lifike mwisho na theluthi ya nguvu zake. Tangi limesema vingine. Mwamba ngoma huvutia kwake, na aliyeandika hesabu ni yuleyule anayeisifu. Kamati ipige kura, kisha kanuni mpya ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ili maumbile yote yaisome. Sioni ugumu. Kamati hiihii iliweza kubadilisha saa ya chai.

4. Mpwa wangu aulizwe nani alimfundisha dharau hii. Nilimshikisha chuma cha kulehemu miguu yake ikiwa bado inaning'inia kitini. Leo kwenye ngazi ananiita Mjomba, kwenye karatasi ananiita fundi. Imeniuma, Ndugu Mkurugenzi, wala sifichi.

Nisalimie naibu wako, katibu muhtasi na mlinzi wa geti. Wasalimie pia wale wa stoo, ila waambie wasinitengee kiti.

Ni mimi, mtiifu wako hata nikiwa na hasira,
Fundi Koleo

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilifungua tangi nitafute ushahidi zaidi. Kipimaji cha tatu kimevaa kofia ya kauri, ile tunayokivika kisishike vumbi na kuivua kabla ya kufunga tangi. Imekazwa kwa waya, mizunguko mitatu, kama ninavyokaza mimi peke yangu. Nimeivua, nimepima upya. Theluthi kamili.

Ndipo nikausoma ukurasa wa pili. Una sentensi moja: "Usikiamini kipimo kabla hujakagua kipimaji, hivyo ndivyo alivyonifundisha mjomba wangu."

Kwa hiyo hoja ya nne imejibiwa. Naomba taarifa yake ipite kama ilivyo, pamoja na ukurasa wa kwanza. Na wale wa stoo waambie, kile kiti wasikitoe kwanza.