Pua ya Wiki ya Saba

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya saba. Kitabu kinasema mtoto sasa ana ukubwa wa harage. Harage! Nimeusoma ukurasa huo mara nne, mara ya mwisho kwa sauti ili naye asikie, ingawa kitabu hichohicho kinasema masikio bado.

Zimebaki siku nne. Ijumaa kiwanda chetu cha sabuni kinamchagua Mkaguzi Mkuu wa Harufu, maana Bi Mkuu, mwenye cheo hicho sasa, anastaafu. Tumebaki wawili: mimi na Suti, anayevaa suti ndani ya koti jeupe la maabara, na joto lote hili. Mtihani ni kufungwa macho na kunusa miche kumi ya sabuni. Suti ananizidi miaka sita kazini. Lakini mimi nina pua mpya! Leo nimenusa mdalasini uliokuwa orofa ya chini, milango imefungwa.

Uamuzi: kazini asijue mtu kwamba nina mimba hadi nipewe cheo. Nani atampa cheo mtu wa kwenda likizo? Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi nazaa, na naficha. Tuone.

Jumanne, 4 Machi

Nimetapika mara tatu kabla ya saa nne. Chanzo: mayai. Suti hula mayai ya kuchemsha mezani kwake, mawili, polepole, kama mtu anayesoma mkataba. Nimekimbilia chooni. Niliporudi akauliza, kwa upole wa paka, dada yangu vipi, mbona mbio? Nikasema jino. La juu au la chini? Nikasema yote mawili.

Mume wangu aliapa kutomwambia mtu. Jioni muuza matunda amenichagulia machungwa laini laini na kuniita mama. Nimembana mume. Amesema yule si mtu, ni muuza matunda.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa ndimu. Ganda la ndimu ndani ya leso, leso puani, harufu ya mayai isinifikie. Umefanya kazi kupita kiasi! Kutwa nzima kila sabuni imenukia ndimu. Nimeikataa shehena nzima ya waridi na kuandika, "Ndimu imezidi." Suti ameisahihisha ripoti yangu kwa wino mwekundu, mbele ya Bi Mkuu, huku akinionea huruma. Huruma yake inanuka mayai.

Kisha akanimaliza kwa wema. Kumbe dada yake ni daktari wa meno, na ameniombea nafasi kesho saa saba, bila malipo. Bi Mkuu akasema jamani, ndugu ndio hao. Ningekataaje?

Alhamisi, 6 Machi

Daktari amechungulia, amegonga, hajaona kitu. Akasema basi tupige eksirei. Nikasema hapana. Akasema ni dakika moja tu. Nikasema hapana, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na mkono wangu ukawa umeshafika tumboni bila kunishauri.

Akavua glovu. Akasema hongera, mdogo wangu.

Nikalia palepale kitini, mdomo wazi, taa machoni. Sikujua kuwa nilikuwa nalingoja neno hilo. Amenishika bega na kuapa kwamba siri ya mgonjwa haitoki mlangoni. Naye alionekana mtu wa kweli. Lakini ni dada yake Suti, na damu nzito kuliko maji! Harage, tulia.

Ijumaa, 7 Machi

Suti amekuja na mayai MATATU! Akayapanga katikati yetu. Tukafungwa vitambaa. Suti akaanza, akataja nane kati ya kumi. Zamu yangu. Asumini. Karafuu. Mchaichai. Waridi la Jumatano, ambalo nililiomba radhi. Yote kumi!

Hapo mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaongeza kwamba meneja, aliyekuwa akitusimamia, amejipaka dawa ya mgongo, na kwamba yai moja la Suti limeoza. Likamenywa. Kweli! Chumba kizima kikatoka mbio. Mimi sikuuwahi mlango. Nimetapikia beseni la sampuli, kitambaa bado machoni.

Cheo nimepewa!

Bi Mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango, akauliza mimba ina wiki ngapi. Nikasema jino. Akacheka hadi akashika meza. Akasema hata yeye aliushinda mtihani huu akiwa na mimba ya kifungua mimba wake. "Mwanangu, hiyo pua umeazimwa. Yangu iliondoka siku niliyojifungua." Miaka ishirini na miwili hanusi kitu! Ndiyo maana kwa kila sabuni alituuliza kwanza, nyie mnasemaje, kisha akaitikia kwa kichwa. Nami nilidhani ni mbinu ya ualimu.

Amenipa mashauri mawili. Nimweleze meneja Jumatatu, maana tumbo halina kificho. Na nianze sasa kuandika kila harufu daftarini, nijifunze kazi kwelikweli, ili pua ikiondoka nibaki na elimu. Nikamkumbatia. Nikaahidi yote mawili. Nilimaanisha!

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari asubuhi nzima. Bi Mkuu ana hekima, ila hakupiga hesabu. Kama pua huja na mimba, dawa ni kutoishiwa mimba! Mbona rahisi? Nimechora jedwali, nimelibandika mlangoni mwa kabati. Watoto saba, mfululizo. Ile miezi ya katikati nitasema nina mafua. Nimeshonesha na koti jeupe, saizi tatu zaidi. Meneja akiuliza, ndiyo mitindo ya sasa.

Mume wangu amesimama mbele ya jedwali kwa muda mrefu, akifuata mistari kwa kidole. Ameuliza, kwa sauti ndogo, kama safu ya chini kabisa ni mapacha.

Nimemwambia asihofu. Hao ni wa akiba.