Ndege ya Shuka na Majani Matatu ya Isale

Mwika, Jumatatu, 11 Desemba 1933
Eropleni imepita juu ya shule ikielekea Moshi. Darasa zima likakimbilia nje bila ruhusa. Mimi ndiye niliyetangulia. Watoto wakauliza nani aliibuni. Nikawaeleza: ndugu wawili wa Amerika, mafundi baiskeli. Walianza na tiara. Wakachunguza ndege wanavyokunja mabawa. Bawa likibinuka kidogo kwa juu, upepo hulinyanyua. Mwisho wakatia injini, wakaruka sekunde kumi na mbili.

Mafundi baiskeli! Basi mimi nashindwa nini? Jumamosi Mchungaji anakuja kuchagua mwalimu mkuu: mimi au mwalimu mwenzangu Kornel. Kornel ana mwandiko mzuri na baiskeli. Mimi nina akili.

Jumanne, 12 Desemba
Nimeazima baiskeli ya Kornel. Nimemwambia nakwenda kumwona mgonjwa. Akanipa na ndizi nimpelekee mgonjwa. Tamu sana.

Baiskeli ndiyo mwili wa ndege yangu; mbavu za mabawa ni mianzi. Kitambaa ni shuka la mke wangu Priska, ambaye sikutaka kumsumbua kwa kumwuliza. Dominika wa darasa la pili, mtoto asiyejua kunyamaza, akauliza injini iko wapi. Nikamjibu kwamba wale ndugu, maskini, walirukia mahali tambarare. Sisi tuna mteremko! Nimemshinda.

Alhamisi, 14 Desemba
Nimeruka, watoto wakitazama! Sekunde mbili, labda moja. Nikavuka mfereji, nikapasua ua wa Mzee Ndelilio wa isale, mmea wetu wa mipaka, nikatua ndani ya mtungi wake wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Mzee Ndelilio ni mzee wa kanisa. Jumamosi atakaa kando ya Mchungaji. Nimekwisha!

Ijumaa, 15 Desemba
Sijaisha. Mila ipo! Kwetu akija mtu na jani la isale kuomba radhi, huwezi kumkatalia, wala kulitaja kosa tena. Nimetoa majani matatu: la Kornel (gurudumu limepinda kama ndizi), la Priska, na la Mzee Ndelilio. Nilimwamkia shikamoo, nikampa jani kwa mikono miwili. Akaligeuzageuza, akauliza nimelichuma wapi. Nikakiri: kwenye ua wake, lilikuwa limekwisha vunjika. Alisaga meno, lakini akasamehe. Sasa midomo yote imefungwa.

Jumamosi, 16 Desemba
Mchungaji amefika kwa pikipiki. Akawauliza watoto wamejifunza nini. Wakaeleza tiara, mabawa, sekunde kumi na mbili, bila kukosea! Mchungaji akanitazama kwa furaha. Akauliza mbona Kornel amekuja kwa miguu. Kornel akainama kufunga kamba za viatu. Mzee Ndelilio akatazama paa. Nikajiona tayari mwalimu mkuu.

Ndipo Dominika akanyoosha mkono. Akaeleza yote: mgonjwa, shuka, mtungi. Akaonyesha hata nilivyopiga kelele hewani.

Dominika sikumpa jani! Kornel ndiye mwalimu mkuu. Nimelia nyuma ya choo cha shule, sioni haya kuandika.

Jumapili, 17 Desemba
Leo wale ndugu wametimiza miaka thelathini kamili tangu waruke. Ibada nzima nimetafakari, na kosa langu nimeliona waziwazi.

Injini. Mtoto alisema kweli.

Mchungaji yumo kwa Kornel, anakula. Pikipiki iko nje. Priska amebakiwa na shuka moja. Safari hii nimechuma majani mapema, tena kwenye ua wangu: la Mchungaji, la Priska, na kubwa kuliko yote, la Dominika.