Ndiva ya Kompyuta Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Siku kubwa kwa taifa, ingawa taifa halijaarifiwa. Shamsa, mhandisi kijana kutoka Same mjini, amepanda mlima na kompyuta yenye ukubwa wa Biblia. Hadi leo, mkulima akiuliza kwa simu kama zamu yake ya maji imefika, swali husafiri hadi kompyuta kubwa iliyoko Dar es Salaam na kurudi limechoka. Jibu linapofika, maji yameshakwenda kwa jirani! Kompyuta hii itajibu hapahapa.

Nikiwa katibu wa kamati ya maji, niliwafafanulia wanachama kwamba hii ni ndiva, sawa na bwawa letu la kumwagilia. Babu zetu hawakukimbilia chemchemi kila walipotaka kumwagilia. Waliyakusanya maji jirani na mashamba. Makofi!

Tunayo kwa majaribio hadi Jumamosi. Wanachama wakiikataa, inakwenda kijiji cha Kwakoa. Kwakoa! Shamsa alishauri ikae kwa Mama Yudith, mwenye mashine ya kusaga, kwani pale pameinuka na panatazama mashamba yote. Nilishauri sebuleni kwangu, kwa sababu za kiusalama. (Pia kochi jipya halijaonwa na mtu.) Nilishinda.

Jumanne, 12 Agosti

Hakuna simu iliyoipata. Nyumba yangu iko nyuma ya kilima. Mawimbi yanamfikia mbuzi wangu tu, naye hana simu.

Mama Yudith alinitangazia mbele ya foleni nzima ya mahindi kwamba ndiva hujengwa karibu na mashamba, si karibu na katibu. Walicheka. Elinaza, mmoja wa wakulima, hakucheka. Maharage yake yamechanua, na zamu yake ni keshokutwa. Alisema akikosa maji wiki hii, maua yatapukutika na hatavuna kitu.

Jioni niliipandisha kompyuta juu ya paa. Kwa kuhofia umande, niliiweka ndani ya sufuria kubwa ya mke wangu na kuifunika vizuri. Sasa hata mbuzi haipati.

Jumatano, 13 Agosti

Mke wangu ameidai sufuria yake. Shamsa alipanda tena, akaniamkia shikamoo kwa sauti ya mtu anayejizuia, akaihamishia kompyuta kwa Mama Yudith na kuipakia orodha ya zamu za leo. Nikaridhia, kwa ukarimu wangu.

Ajabu! Mtu akigusa simu, jibu limefika kabla hajainua kidole. Kila mmoja anamshukuru Mama Yudith, kana kwamba ni yeye aliyeivumbua. Nikaona ni lazima katibu aonekane. Nikatoa agizo kwamba kompyuta ifungwe saa kumi na mbili jioni na kufunguliwa asubuhi, ili ijae. Ndiva zote hufungwa jioni. Mama Yudith aliuliza kama kompyuta nayo hujaa hivyo. Nilimjibu kwamba sayansi ni sayansi, kisha nikaizima kwa mkono wangu mwenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti

Msiba! Wakulima sita walifika bwawani na majembe, wote wa zamu ya jana. Simu ziliwaambia leo ni Jumatano. Wakafungulia maji mara ya pili, na mfereji wa Elinaza ukabaki mkavu.

Shamsa alieleza kwa simu kwamba kompyuta huchota orodha mpya kutoka Dar es Salaam usiku, mtandao unapokuwa mtulivu. Niliifunga saa ileile ya kujaa! Elinaza alisema, “Mwalimu, ni wewe uliyenifundisha darasa la tano kutazama tarehe ubaoni kabla ya kuandika.”

Sikupata usingizi mzuri wa mchana.

Ijumaa, 15 Agosti

Jana jioni kompyuta iliachwa wazi, kinyume cha agizo langu. Asubuhi tarehe ilikuwa sahihi. Zamu ya leo ilikuwa ya Mama Yudith. Akaichukua simu, mikono ikiwa na unga hadi kwenye viwiko, akamwachia Elinaza zamu yake. Simu ya Elinaza ikaita papo hapo. Uji wangu haukuwahi kupoa, na maji yalikuwa yameshafika kwenye maharage! Niliwaambia wote kwamba huo ndio mpango niliouona tangu Jumatatu.

Jumamosi, 16 Agosti

Maua hayakupukutika. Elinaza alileta kikonyo kimoja chenye maua mkutanoni ili wote wakione. Kura ikapigwa: kompyuta ibaki, tena ibaki kwa Mama Yudith. Mikono arobaini na mmoja ilikubali. Mmoja ulikataa. Mwenye mkono huo hatatajwa hapa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetoka kanisani nikiwa na moyo mweupe. Mradi umefaulu, na mradi uliofaulu hupanuliwa. Nimemwandikia Shamsa barua ya kurasa tatu kuomba kompyuta ya pili. Mahali: sebuleni kwangu. Saa za kufungwa: kumi na mbili jioni. Kuhusu umande asiwe na wasiwasi. Mke wangu akienda sokoni kesho, sufuria itakuwa huru.